Kiti cha Nchi ya Pengo

Kabla sijaanza, aliyekalia mahali pazuri ampishe aliyechoka kuliko yeye. Msidhani natania. Kisa chenyewe ni cha kukaa na kusimama, na sitaki kukisimulia huku mtu mwenye mgongo mbovu ameegemea mlango. Mmepishana? Haya, nisikilizeni.

Palikuwa na nchi mbili kubwa, moja mlimani na nyingine bondeni. Siku moja wapima mpaka wa nchi ya juu waliteremka wakipanga mawe yao, wakafika kwenye mwamba mweusi, wakasema, "Hapa panatosha," wakarudi kwao kula. Wapima wa nchi ya chini nao walipanda wakipanga mawe yao, mvua ikawakuta kwenye kijito, wakasema, "Hapa panatosha," wakarudi kwao kujianika. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kati ya mwamba na kijito kikabaki kilima ambacho hakikuwa cha serikali yoyote. Tena kilima kidogo hasa: ukikaanga dagaa upande huu, wa upande ule wanajua kama umesahau ndimu. Watu wakapaita Pengo, wakahamia mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyewadai kodi wala aliyewapelekea askari, asubuhi moja wakajitangaza kuwa jamhuri. Wakawa na bendera, wimbo wa taifa na baraza lenye paa la bati. Huko juu na huko chini watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Sasa katika nchi hiyo ya kuchekwa waliishi watu watatu wenye vipaji, na mwanamke mmoja ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa na kipaji chochote. Huyo mwanamke aliitwa Nakijwa.

Nakijwa alizaliwa nchi ya chini, akaolewa nchi ya juu, akazaa binti akamwita Mkunde, kisha mumewe akafariki. Wakwe wakamwambia, mtoto ni wa baba yake, atabaki. Wewe rudi kwenu. Kwao wakamwambia, karibu nyumbani, lakini mtoto wa watu mrudishe kwao. Kila nchi ilikuwa na sheria yake, na sheria zote mbili zilikuwa zimeandikwa kwa Kiswahili safi kabisa. Hakuna hata moja iliyokuwa na nafasi ya mama na mwana pamoja. Pengo hapakuwa na sheria ya jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mama na mwanawe wanahitaji kibali. Nakijwa akajenga kibanda katikati ya kilima, akapanda magimbi kando ya kijito, na Mkunde akakua akicheka. Basi, hakutaka kingine duniani.

Wa kwanza kati ya wale watatu alikuwa Bi Mghoi, mshonaji. Kipaji chake kilikuwa kuona ndani ya maneno. Mimi na wewe tukisikia neno tunalipokea lilivyo. Mghoi alilifumua kama pindo la sketi, ajue limeshonwa kwa uzi gani. Siku moja Mwenyekiti wa Pengo aliingia barazani, watu wakainuka kwa heshima, Mghoi akabaki chini ameduwaa, uzi ukimning'inia mdomoni.

"Jamani," akasema, "hivi mmesikia tunavyomwita huyu? Mwenyekiti. Mwenye kiti! Kama mwenye duka, kama mwenye mbuzi. Kiti hiki amekinunua lini?"

Watu wakacheka. Mghoi hakucheka hata kidogo.

"Na anayeangalia mafundi wakijenga nyumba tunamwitaje? Msimamizi. Kwa nini? Kwa sababu anasimama! Tangu lini mtu akasimamia jambo huku amekaa? Lugha yetu yenyewe inajua kwamba anayeongoza husimama. Sasa niambieni, hicho kiti ni cha nani?"

Akajijibu mwenyewe, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, kana kwamba jibu limemtisha.

"Ni cha aliyeumia. Anayeongoza asimame, anayeumia aketi. Siasa yangu ni hiyo tu, haina ukurasa wa pili."

Siku hiyo hiyo akaanzisha chama, akakiita Chama cha Kusimama. Kwa muda mrefu wanachama walikuwa Mghoi na cherehani yake. Watoto walimpigia saluti njiani kwa dhihaka, naye aliipokea saluti. Lakini Nakijwa, aliyekuwa amekaa nyuma na kapu la magimbi siku ile, alirudi nyumbani akiyarudia maneno yale kimoyomoyo, na kila alipoyarudia mwili ulimsisimka. Katika nchi mbili alizopitia alikuwa amesimama mbele ya watu wengi sana waliokaa.

Wa pili alikuwa Senkondo, seremala. Kipaji chake kilikuwa mikononi, na ni vizuri kilikuwa huko kwa sababu mdomoni hakukuwa na kitu. Ukimsalimia alijibu "Aa," ukimuaga alijibu "Ee." Aliyasikia maneno ya Mghoi, akaenda kuangalia watu. Akamwangalia bibi mwenye nyonga mbovu anavyojishusha kwenye mkeka. Akamwangalia mjamzito anavyotafuta pa kushika. Akamwangalia mzee mwenye pumu anavyoinama mbele ili apate hewa. Kisha akajifungia, na kwa siku kadhaa Pengo nzima ikasikia randa tu.

Alipotoka alikuwa na kiti kichwani. Kilikuwa kipana, kifupi, kimelazwa mgongo kidogo. Mikono yake ilitokeza mbele, na kwenye ncha zake alikuwa amechonga mashiko ya duara, mtu dhaifu apate nguvu ya kuinuka na mwenye hofu apate kitu cha kubana. Akakitua katikati ya baraza. Watu wakadhani ni cha Mwenyekiti.

"Si chake," Senkondo akasema. "Cha anayeumia. Bi Mghoi alishasema."

Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Yule bibi mwenye nyonga, Bi Sanganyi, akajaribu kukikalia. Alishuka polepole kwa mazoea ya kungoja maumivu, na maumivu hayakuja. Akapapasa mikono ya kiti, akapata mashiko, akatulia. Kisha akalia. Hakuwa amekuja na malalamiko yoyote siku ile, lakini alipokaa pale yakamjia, moja baada ya jingine, mambo ambayo hajawahi kuulizwa. Nakijwa aliyaona kwa macho yake, na aliniapia kwamba hajawahi kuona kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kikamfanyia mtu jambo kama lile.

Wa tatu alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Mwakio. Kipaji chake kilikuwa kwamba watu walimfuata. Wengine hupiga kelele wakafuatwa na mbwa tu. Mwakio akikohoa, kilima kizima kilisafisha koo. Alikuwa na kiti chake kikubwa cha mahameli nyekundu, zawadi kutoka nchi ya chini, na alikipenda. Usimcheke. Alikuwa na goti bovu, na kiti kile kilikuwa raha yake.

Siku Bi Sanganyi alipokuwa akilia, Mwakio alikuwa amekaa kwenye mahameli yake, wanatazamana. Baraza zima likawa limesimama ila wao wawili. Akamtazama yule bibi, akajitazama, akayatazama magoti yake. Nakijwa aliona uso wa mzee yule ukibadilika, kama mtu aliyegundua katikati ya sherehe kwamba amevaa kanzu ya mwenzake. Mwakio akashika ukingo wa kiti chake, akajiinua, goti likalia kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

"Endelea, mama," akasema. "Nakusikia vizuri zaidi hivi."

Akasimama mpaka bibi alipomaliza, na bibi hakuwa na haraka. Jasho lilimtiririka Mwakio, mguu ukamtetemeka, hakukaa. Baada ya siku ile hakukaa tena barazani. Kiti cha mahameli kikapelekwa nyumbani, kuku wakataga humo. Mkewe akamuuliza, "Umeacha uongozi, umekuwa mlinzi?" Akajibu, "Ndiyo maana yake, mama watoto. Ndiyo maana yake hasa." Akajiunga na Chama cha Kusimama, na kwa kuwa alikuwa Mwakio, desturi ikafuata nyuma yake: katika baraza la Pengo hukaa mtu mmoja tu, mwenye shida. Wengine wote husimama mpaka yeye ainuke, na neno lake ndilo humaliza shauri.

Chama hakikuongeza mwanachama wa nne. Watu walikubali desturi, ila kadi walisema ni usumbufu.

Basi, hao ndio watu wangu. Shikeni majina yao vizuri, mtayahitaji.

Ikaja habari kwamba nchi mbili kubwa zimechoka kuwa na pengo katikati yao. Zimekubaliana mstari mmoja upite kwenye mgongo wa kilima, nusu iende juu na nusu iende chini. Tatizo lilikuwa moja: hazikuaminiana. Kila moja ilihofu kwamba kesho mwenzake atasema ameibiwa. Kwa hiyo wakaafikiana kwamba wajumbe wa pande zote mbili watapanda pamoja Pengo na ramani, wamuulize mkuu wa pale mbele ya wote kama anaridhia, na atakalosema mkuu huyo ndilo litakalokuwa.

Nakijwa alipoyasikia hayo alikuwa anaosha magimbi. Yalimponyoka yakaenda na maji. Mstari ukipita mgongoni mwa kilima, unapita kwenye kibanda chake, na sheria mbili zile zilizoandikwa kwa Kiswahili safi zinarudi. Yeye chini. Mkunde juu. Aliogopa kwa namna ambayo hata kupiga kelele hakuweza.

Asubuhi ya siku ya wajumbe alimshika Mkunde mkono, wakaenda barazani kabla ya mtu mwingine kufika. Watu walipokuja walimkuta amesimama kando ya kiti, anakitazama.

"Nina shida," akamwambia Mwakio.

"Basi unajua pako, Mama Mkunde."

Nakijwa akaketi. Watu wa Pengo wakamzunguka wamesimama, Mwakio nyuma yake, Mghoi kulia, Senkondo kushoto akikikagua kiti kama mzazi anayemkagua mtoto mbele ya wageni. Mkunde akashika mkono wa kiti. Nakijwa akafungua mdomo aanze kueleza, na hapo hapo wageni wakaingia.

Walikuwa wajumbe wawili, bwana mmoja mrefu wa nchi ya juu na mama mmoja mwenye miwani wa nchi ya chini, na nyuma yao mpima aliyebeba ramani. Wakasimama mlangoni wakatafuta kwa macho. Waliona watu wengi wamesimama na mtu mmoja ameketi. Sasa hebu fikirini. Hawa walikuwa wamehudhuria mikutano tangu ujana wao, na hawajawahi kuona mahali ambapo mtu mmoja ameketi na wote wamesimama, halafu huyo aliyeketi asiwe mtawala. Bwana mrefu akavua kofia. Mama mwenye miwani akainama. Wakatembea moja kwa moja hadi mbele ya kiti, wakamwinamia mkulima wa magimbi mwenye tope kwenye vidole vya miguu.

"Mheshimiwa Mkuu wa Pengo," bwana akasema, "tunakuletea salamu za nchi ya juu."

"Na za nchi ya chini," mama akawahi.

Bi Mghoi alikuwa na uzi mdomoni, akaumeza. Nakijwa akageuka kumtazama Mwakio, macho yakimwomba amtoe pale. Mwakio angeweza kusema neno moja tu. Alikuwa na sauti, alikuwa na jina, na kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi.

Mama mwenye miwani akamwona. "Na wewe, mzee wangu, ni nani hapa?"

"Mimi nasimamia tu," Mwakio akajibu. "Mnayepaswa kumsikia ndiye huyo aliyeketi."

Hakudanganya. Mnisikie vizuri, hakuna aliyedanganya siku ile.

Bwana mrefu akaeleza habari ya mstari kwa maneno mazuri, kisha akauliza, "Mheshimiwa, unaridhia?"

Nakijwa alitaka kuinuka akimbie. Mikono ikateleza mbele ya kiti ikakutana na mashiko, akayabana. Yalienea viganjani mwake barabara, kana kwamba Senkondo aliwahi kuipima hofu yake. Masikioni akasikia maneno aliyokuwa akiyarudia tangu siku ya kapu: anayeumia aketi. Na nyuma yake akasikia kitu kingine, mlio mdogo wa goti la mzee linalotetemeka bila kukunjika.

"Siridhii," akasema.

Bati la paa lililia kwa joto la jua, na wote wakalisikia.

"Kwa sababu gani, Mheshimiwa?"

"Mstari wenu unapita kati yangu na huyu." Akaonyesha mkono mdogo ulioshika kiti karibu na wake. "Kwenu wewe bwana, mtoto huyu ni wa kwenu na mimi si wa kwenu. Kwenu wewe mama, mimi ni wa kwenu na yeye si wa kwenu. Hapa peke yake ndipo tulipo wa mahali pamoja. Siridhii."

"Mheshimiwa," mama mwenye miwani akasema kwa upole, "lakini nchi haiwezi kuendeshwa kwa shida ya mama mmoja."

"Hii huendeshwa hivyo," Nakijwa akajibu.

Na alipolisema hilo ndipo na yeye alipolijua. Aliwatazama watu waliomzunguka, mafundi, wakulima, bibi mwenye nyonga, wote wamesimama kwa ajili yake, hakuna aliyekereka. Hiyo ndiyo nchi waliyoicheka. Kubwa kiasi hicho, na wageni walikuwa wameitafuta kwenye ramani wasiione! Machozi yakamtoka, hakuyafuta, hakutaka kuachia mashiko.

Wajumbe wakatazamana. Jibu lilikuwa limetoka mbele ya wote. Ambaye angelipinga, mwenzake angemwita mwizi. Bwana mrefu akapumua, akasema, "Basi nchi ya juu imesikia." Na mama akasema, "Nchi ya chini pia imesikia." Wakamwambia mpima kwamba mstari haupiti.

Mpima akakunjua ramani chini, na akiwa amepiga magoti akamuuliza Mkunde kwa sauti ya kubembeleza watoto, "Mama yako ametawala tangu lini?"

"Tangu asubuhi," Mkunde akasema.

Wajumbe wakasikia. Ikabidi waelezwe. Mama mwenye miwani akashikwa na aibu. "Kwa hiyo tumemwinamia mtu wa kawaida? Tumekosea mtu?"

"Hamkukosea," Bi Mghoi akamwambia. "Hapa mkuu ni huyo huyo. Kesho atakuwa mwingine mwenye shida yake."

Bwana mrefu aliizungusha kofia yake mikononi. Mwishowe akasema, "Maisha yangu yote nimeona viti vikikaliwa. Sijawahi kuona kikikaliwa na mwenye haja nacho." Akakataa kutengua lililosemwa, na mama naye hakutaka kuwa wa kwanza kulitengua.

Ingeishia hapo mngelala vizuri. Lakini mpima alikuwa bado amepiga magoti.

"Waheshimiwa," akasema, "kama pengo linabaki, lazima liandikwe jina. Sheria za nchi zote mbili zinafanana katika hili peke yake: ardhi isiyo na jina la mtu ni ardhi tupu, na ardhi tupu hugawanywa."

"Andika Pengo," watu wakapaza sauti.

"Pengo si jina la mtu. Nataka jina la aliyeisimamisha nchi hii. Na nafasi yenyewe hii hapa, tazameni, ni nyembamba. Jina moja litaenea. Mawili hayaenei, hata niandike kwa sindano." Akamnyooshea Nakijwa kalamu. "Desturi yenu inasema aliyeketi ndiye anayemaliza shauri. Hujainuka bado. Na sisi lazima tuvuke kijito kabla giza halijaingia."

Nakijwa akaipokea kalamu. Hapo ndipo baraza la Pengo, lililokuwa limetulia kama hekalu, likageuka soko.

"Mimi sitajifanya," Bi Mghoi akasema. "Nalitaka. Kiti cha Senkondo bila neno langu ni samani. Na Mzee Mwakio bila neno langu angesimama kwa nini? Kwa kuchoka kukaa? Kila kilichotokea leo kilitoka katika neno lile, nami nilichekwa kwa ajili yake nikiwa peke yangu na cherehani."

Watu wengi wakaitikia, kweli, kweli.

Senkondo akajikuna shingo. "Neno ulikuwa nalo siku nyingi, Bi Mghoi," akasema. "Hakuna aliyeweza kulikalia."

Bi Sanganyi akapiga fimbo yake chini. "Mimi nilikaa!" akasema. "Na huyu Mama Mkunde angeanguka kama si yale mashiko. Nilikuwa namwona vidole."

Wengi wakaitikia tena, na baadhi yao ni wale wale.

Mwakio akasubiri wanyamaze. "Bi Mghoi ana maneno mengi, alitupa moja," akasema. "Senkondo ana mbao nyingi, alitupa moja. Mimi nilikuwa na kitu kimoja, cheo changu, nikakitoa chote. Na wageni walipoingia kingenirudia kwa neno moja tu. Neno lisingewazuia kuja kwangu. Kiti kisingewazuia. Ningekuwa nimekaa, wangempita mama huyu kama nguzo." Kisha akasema kwa aibu kidogo, "Sisemi kwamba nalitaka. Nasema goti linauma."

Mkunde akavuta mkono wa mama yake. "Na mama je?" akawauliza wakubwa wale. "Nyote mlikuwapo. Nani alisema siridhii?"

Watu wakaitikia na hilo, kwa sababu hata hilo lilikuwa kweli.

Lakini Bi Mghoi akashika mdomo. Nakijwa alimwona akipauka, maana kipaji hakimpi mtu likizo, na Mghoi alikuwa amefumua neno jingine bila kutaka.

"Ngojeni," akasema. "Ngojeni kwanza. Jina la mtu likiandikwa pale, lolote lile, hata langu, nchi imepata mwenyewe. Tulimkataa mwenye kiti, sasa tunamwandika mwenye nchi. Chama kimekufa leo, na sisi ndio tunaokizika."

"Basi tusiandike kitu," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Msipoandika," mpima akajibu taratibu, "mstari unapita."

Nakijwa akaitazama ramani. Aliwaona wazi wote: aliyelipata neno, aliyelitengenezea mwili, aliyelisimamia akiwa na mengi ya kupoteza. Akajiona na yeye. Aliwapenda wote siku ile kiasi kwamba kifua kilimuuma. Anaweza kumwandika mmoja, akawanyima wawili waliomsaidia kubaki na mtoto wake. Anaweza kuandika lake, kesho mwenye shida akaja akakuta kiti kina jina la Nakijwa. Anaweza kuirudisha kalamu, na jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona duniani likabaki safi bila mwenyewe, na Mkunde akapanda mlima peke yake jioni hiyo hiyo.

Mwakio bado amesimama, mguu ukimtetemeka, kwa sababu aliyeketi hajainuka. Mghoi na Senkondo wamesimama. Mpima ameshika kona za ramani zisipeperuke. Ncha ya kalamu imegusa karatasi, nukta ndogo ya wino imeanza kutanuka.

Mimi nami nainuka hapa, maana hili si la kuamuliwa na msimuliaji. Kiti kiko wazi. Njoo wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa muda wote niliposimulia. Keti. Shika mashiko, utayaona yanakuenea. Mtoto amekushika mkono wa kushoto, kalamu iko kulia, na watu waliosimama kwa ajili yako wanakungoja. Unaandika jina la nani?